Anaziba masikio, kisha anagonga sufuria: maswali ya wasomaji kuhusu usonji na hisi

Tangu toleo la Aprili, tulipoandika juu ya tarehe 2 ya mwezi huo ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya usonji duniani, barua nyingi zilizofika mezani kwangu zimehusu kelele, nguo, harufu na usingizi. Nimechagua nne na kuzifupisha. Kwa wasomaji wapya, usonji (wengine husema otizimu) ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyopokea hisi, na anayejibu safu hii ni mtaalamu wa tiba kazi, yaani mtu anayemsaidia mgonjwa au mwenye ulemavu kumudu shughuli za kila siku kama kuvaa, kula, kuoga na kusoma. Si daktari wa kuandika dawa.

Mwanangu wa kiume ana miaka sita, na mwaka jana hospitali ya rufaa ilituambia kwamba ana usonji. Nikiwasha blenda anaziba masikio na kukimbilia uvunguni. Tukipita karibu na mashine ya kusaga analia mpaka anatapika. Sare ya shule anaivua njiani, na kumnyoa ni vita inayohitaji watu wazima watatu. Lakini yeye mwenyewe hushinda akigonga sufuria kwa mwiko, na hapo kelele hazimsumbui hata kidogo. Mawifi zangu wanasema hiyo ni jeuri tupu, kwa kuwa mtoto anayeogopa kelele hawezi kupiga kelele. Nami nimeanza kuwaamini. (Mama, Tanga)

Mama, mawifi zako wameona jambo la kweli, ila wamelifasiri vibaya. Jambo hilo hilo liliandikwa mwaka 1943 na Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto wa Baltimore, Marekani, alipoeleza kwa mara ya kwanza habari za watoto 11 ambao hali yao ndiyo tunayoiita usonji leo. Aliona kwamba baadhi yao walitishwa na mashine za kufagilia, lifti, maji yanayotiririka, hata upepo, na bado mtoto huyo huyo aliweza kupiga kelele kubwa kama ile aliyoiogopa na akaifurahia. Kanner alisema wazi kwamba kinachomtisha mtoto si sauti yenyewe, bali sauti inayomvamia.

Fikiria sufuria. Mwiko uko mkononi mwa mwanao, hivyo anajua sauti itatoka lini, itakuwa kubwa kiasi gani na itakoma lini. Blenda iko mkononi mwako. Inanguruma bila taarifa, na yeye hajui kama itanguruma kwa sekunde kumi au kwa asubuhi nzima. Kwa sisi wengine ubongo huipokea sauti hiyo, huiona haina hatari, na baada ya muda mfupi huisahau. Kwa watoto wengi wenye usonji kazi hiyo ya kupunguza haifanyiki vizuri, na kila mlio unafika ukiwa mpya na mkali kama ule wa kwanza. Ndiyo maana jibu langu kwa karibu kila barua ya leo litaanzia mahali pamoja: kabla ya kumtaka mtoto avumilie, tafuta namna ya kumpa yeye usukani, hata kama ni usukani mdogo.

Kwa blenda, anza ikiwa haina umeme. Mwache aishike na kuifungua. Siku nyingine iweke uani juu ya taulo lililokunjwa, ambalo hupunguza mtetemo, umwambie kwamba itawaka mpaka uhesabu tano, na ukifika tano izime kweli, hata kama nyanya hazijasagika. Baadaye mwache abonyeze mwenyewe. Ukivunja ahadi ya kuhesabu mara moja tu, utarudi nyuma wiki nzima. Mashine ya kusaga huwezi kuitawala, kwa hiyo piteni njia nyingine, au mvalishe vizibo vya masikio vya aina wanayovaa mafundi wa kukata vyuma, kwa muda ule wa kupita tu. Usimwache navyo kutwa, maana sikio lililozoea kimya huzidi kushtuliwa na sauti ndogo.

Sare ni suala la ngozi. Shati jipya lenye wanga wa dukani, lebo nyuma ya shingo na mishono migumu kwapani humkwaruza mtoto kama huyu saa zote anazolivaa, nasi tunamtaka wakati huo huo asikilize somo la kuhesabu. Kata lebo mpaka kwenye mshono, fua sare mara nne au tano kabla ya siku ya kwanza kuivaa, na ukipata iliyokwisha kuvaliwa na binamu, ni bora kuliko mpya. Chini yake mvalishe fulana ya pamba iliyogeuzwa, mishono ikiwa nje. Kama kola bado inamshinda, mwombe mwalimu mkuu kwa barua avae shati la rangi ile ile lisilo na kola. Soksi nazo zigeuzwe.

Kunyoa kumebeba mambo manne kwa pamoja: mlio karibu na sikio, mtetemo juu ya fuvu, nywele zinazodondoka shingoni na harufu ya spiriti. Watu watatu wakimshika, mnamwongezea la tano, na kiti cha kinyozi kitakuwa adui wake kwa miaka mingi. Mnyoe nyumbani kwa mkasi, sehemu ndogo kila jioni, akiwa ameketi nyayo zikigusa sakafu, maana mtoto anayening'inia kitini huhisi kama ataanguka. Kabla ya kuanza, bonyeza kichwa chake kwa viganja viwili, taratibu lakini kwa nguvu kiasi. Mguso mwepesi unaopapasa ndio unaowatesa wengi wao, ilhali mguso mzito na wa polepole huwatuliza. Hilo huwashangaza wazazi, ambao kwa huruma hupapasa.

Kuna nyakati hayo yote yatashindikana na mtoto atalipuka. Jifunze kutofautisha kilio cha kutaka kitu na kilio cha kuzidiwa. Anayelilia biskuti hutupa jicho kuona kama unamtazama, na akipewa hunyamaza. Aliyezidiwa hamwangalii mtu, na hata ukimpa biskuti kumi hazimfai kitu. Huyo wa pili usimhoji, usimkaripie, wala usimweleze lolote refu. Punguza sauti na mwanga, waondoe watazamaji, kaa karibu, ungoje. Akipunga viganja au kujitikisa mbele na nyuma, mwache, kwa kuwa huko ndiko kujituliza kwake.

Kazi ya kwanza, hata kabla ya mkasi na blenda, ni daftari. Kwa wiki mbili andika kila mlipuko: saa ngapi, wapi, nini kilitangulia, ulidumu muda gani, alikuwa amekula na kulala vipi. Utashangaa kuona mambo unayoyadhani ishirini yakirudi kwenye matatu. Na mpeleke apimwe masikio na meno, mwulize daktari pia juu ya choo kigumu, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mwili wote.

Ninafundisha darasa la pili lenye wanafunzi 84. Mmoja wao ni msichana mwenye usonji, ambaye hutoka mbio kengele inapogongwa, hulala chini ya dawati mvua ikinyesha, na huzungukazunguka darasani wakati wenzake wameketi. Chooni haendi kabisa, hivyo mara mbili amejikojolea. Ninampenda, lakini sijui nifanye nini kwa watoto 84, na wenzangu ofisini wanasema nikimpendelea yeye, wote watataka hivyo hivyo. (Mwalimu, Morogoro)

Ndugu mwalimu, sitakushauri jambo linalohitaji mwalimu msaidizi au chumba cha pekee, maana najua huna.

Nianze na kengele, ambayo bila shaka ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, kama ilivyo katika shule nyingi nilizotembelea. Mpe kazi ya kuigonga. Mwalimu wa zamu amchukue dakika tano kabla, amwekee nyundo mkononi, agonge. Nimeona watoto wawili waliokuwa wakikimbia kengele wakageuka kuwa watunza muda wakali kuliko mwalimu wa zamu mwenyewe. Ikiwa hilo haliwezekani, mwonye tu kabla kwa ishara mliyokubaliana.

Mvua juu ya mabati yasiyo na dari ni jambo gumu zaidi, kwa sababu wakati huo hata wewe husikiki. Usipigane nayo. Mvua kubwa ikianza, darasa zima liandike kimya, na yeye akae mahali pamoja palipopangwa, tuseme pembeni karibu na ukuta, akiwa amejifunika kanga yake au sweta kichwani. Chini ya dawati nako si dhambi. Amepata mahali penye giza na pembe mbili za kumzunguka, na mvua ikipita atatoka.

Kuzungukazunguka kwake kunahitaji maelezo kidogo. Tulifundishwa milango mitano ya fahamu, lakini mwili una mingine: hisi ya mizani iliyo ndani ya sikio, hisi ya misuli na viungo inayomjulisha mtu mguu wake uko wapi bila kuutazama, na hisi ya ndani inayotujulisha njaa, kiu na haja. Mtoto mmoja anaweza kuzidiwa na sauti na papo hapo akawa na upungufu wa hizi nyingine, akatafuta kwa kuruka, kuzunguka na kujigonga kile ambacho mwili wake hauletewi wenyewe. Ukimkalisha kwa lazima, njaa hiyo haiishi. Mpe kazi nzito. Abebe madaftari ya darasa kwenda ofisini, afute ubao kwa nguvu, amwagilie maua kwa ndoo ndogo, asukume madawati siku ya usafi. Dakika tano za kazi ya misuli kabla ya somo la kuandika mara nyingi humnunulia mtoto robo saa ya utulivu, nawe huigharamii.

Choo kichunguze mwenyewe kwa pua na macho yake. Choo cha shimo kina harufu kali, giza, nzi na tundu ambalo kwa mtoto mwenye shida ya mizani linaonekana kama litammeza. Aende wakati wa kipindi, kikiwa kitupu na kimetoka kumwagiwa maji, akisindikizwa na msichana mkubwa anayemwamini, mlango ukiachwa wazi kidogo. Na aende kwa saa, si kwa kuomba, kwa sababu huenda mwili wake haumwambii mapema kwamba ana haja. Jambo hili linawahusu walimu wote wa zamu, si wewe peke yako, kwani mtoto anayejizuia mkojo kutwa yuko katika hatari ya kuugua.

Sasa wenzako wa ofisini. Mtoto mwenye miwani hajawahi kuambiwa kwamba anapendelewa, na sijasikia darasa lililogoma likidai miwani kwa wote. Waambie hivyo. Waambie pia kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida na kupata msaada anaouhitaji ili asome, kwa hiyo unachofanya ni wajibu wa shule, si ukarimu wako. Nawaelewa kidogo, hata hivyo. Ni mwaka 2013 tu ambapo mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, na unaofuatwa katika nchi nyingi, uliingiza tofauti za hisi miongoni mwa dalili rasmi za usonji. Walimu wengi waliopo kazini walihitimu kabla ya hapo.

Hujaitaja fimbo katika barua yako, nami nitaitaja. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni bado zinaviruhusu, lakini kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na visizidi vinne. Mtoto aliyetoka mbio kwa sababu kengele ilimwumiza akichapwa kwa kutoka mbio, hajifunzi kukaa. Anajifunza kwamba kengele huleta maumivu mawili.

Binti yetu wa miaka minane ana usonji na halali kabla ya saa sita usiku. Tumepewa bei ya blanketi zito maalumu, bembea ya ndani na taa zinazobadilika rangi, pamoja na mpango wa tiba ya hisi wa miezi sita. Jumla inapita mshahara wangu wa miezi miwili. Mke wangu anataka tukope. (Baba, Dar es Salaam)

Msikope.

Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 uliwalaza watoto 67 wenye usonji chini ya blanketi zito kwa siku kadhaa na chini ya blanketi la kawaida kwa siku nyingine. Hawakulala zaidi kwa lile zito, ingawa wengi wao, na wazazi wao, walilipenda kuliko la kawaida. Nami naongeza la kwangu: anayeuza blanketi la kilo kadhaa Dar es Salaam mwezi Februari anauza jasho. Kuhusu tiba ya hisi, yaani michezo na mazoezi kama kubembea, kuruka na kugusa yanayolenga kuusaidia ubongo kupokea hisi vizuri, msingi wake uliwekwa na Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi, na fani yetu imejifunza mengi kwake. Hata hivyo utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2022, uliohusisha watoto 138 wa miaka minne hadi kumi na moja, haukuona tofauti ya wazi ya tabia kati ya waliopewa tiba hiyo na waliopata huduma za kawaida. Baadhi ya familia ziliona maendeleo katika malengo yao wenyewe. Siiti tiba hiyo ulaghai, lakini si kitu cha kukopea.

Mgandamizo wenyewe unaweza kusaidia, hasa mtoto anapouamua mwenyewe. Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji ambaye ni mtaalamu wa mifugo, alijitengenezea akiwa kijana mashine ya kumbana mwili baada ya kuona ng'ombe wakibanwa wapate kuchanjwa na kutulia. Wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ulikuwa mkononi mwake. Nyumbani kwenu kanga mbili zinatosha: mfungeni mabegani anapoomba, mfungueni anapotaka, na kichwa kisifunikwe kamwe. Alasiri akande unga wa chapati, atwange kisamvu kinuni, abebe ndoo anayoimudu.

Kwa usingizi, nendeni kitandani kwake saa tatu usiku, mlale pale dakika kumi, mtazame na kusikiliza. Je, chandarua kinamgusa mguu? Feni inalia kwa kila mzunguko? Taa ya jirani inaingia dirishani? Baa iliyo mtaa wa pili inaanza muziki saa ngapi? Chandarua kikivutwa na kuchomekwa vizuri chini ya godoro kinaweza kuwa ndiyo dawa nzima. Mwombeni daktari pia apime madini ya chuma katika damu yake, kwa kuwa upungufu wake huwafanya watoto wengine watapetape miguu usiku.

Mjukuu wangu wa kike ana miaka mitano, naye ana usonji. Kila Alhamisi jioni mimi hufukiza udi, na yeye hukimbia, hujikwaruza uso na kutaka kutapika. Jirani anasema ni jini linaloukimbia udi, na kwamba nimfunike nguo nimfukize hasa. Tena mwezi ujao pana harusi ya shangazi yake. Mamake ataka abaki nyumbani, mimi sitaki afichwe. (Bibi, Malindi)

Shikamoo bibi. Jirani yako simjui, lakini tafadhali usimfunike mtoto juu ya chetezo. Harufu ambayo kwako ni ya heshima na kumbukumbu, kwake ni kali mithili ya petroli, na moshi ndani ya nguo utamziba pumzi. Kama hukohoa au kifua hulia akiuvuta, apimwe pumu. Dua haimdhuru, msomee. Udi ufukize akiwa uani, madirisha yakiwa wazi, naye aingie hewa ikishatulia.

Juu ya harusi nakubaliana na wewe, na kwa sehemu nakubaliana na mamake. Aende, lakini si kwa muda wote. Mpelekeni mapema, kabla ya spika kuwashwa, aone ukumbi mtupu, ajue mlango uko wapi na chumba cha kupumzikia ni kipi. Gauni lisiwe na lesi ya shingoni wala shanga za kuchoma, na alivae mara kadhaa nyumbani kabla ya siku hiyo. Hina asipotaka, asitiwe. Waambie mashangazi na majirani mapema, kwa kauli yako maana wewe ndiye watakayekusikiliza, kwamba asibusiwe wala asifinywe mashavu, anayemtaka amnyoshee mkono na angoje. Achaguliwe mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu, si kupakua pilau wala kupokea wageni, na mtu huyo amtoe anapoanza kuziba masikio, asingoje kilio. Nusu saa aliyokaa kwa raha ni ushindi kuliko saa nne za kuvumilia. Na siku hiyo chetezo kitolewe akishaondoka.